Mwana wa Sultani Hakulala Hapa

Barua ilikuja siku ya bamia. Nazmiye alikuwa ameketi sakafuni sebuleni, sindano mkononi na beseni mbele yake, akizitunga bamia moja moja kwenye uzi ili azitundike dirishani zikauke. Bamia za Amasya ni ndogo, hazizidi ncha ya kidole, na vinyweleo vyake vinawasha kama upupu. Mtu akishaianza kazi hiyo hapendi kukatizwa. Lakini tarishi alisema sahihi inatakiwa, basi akainuka, akatia sahihi, akaichana bahasha kwa meno.

Mara ya kwanza alisoma akidhani wamekosea jina. Mara ya pili alisoma amesimama. Mara ya tatu aliisoma kwa sauti, peke yake, mbele ya ukuta.

Kamati ya Nyumba za Kale ilikuwa na furaha kumjulisha Bibi Nazmiye, mjane wa marehemu Sabri, kwamba nyumba yake ya ukingoni mwa mto itachukuliwa na kufanywa makumbusho, kwa kuwa ndimo alimolala mwana wa sultani usiku wake wa mwisho mjini, kabla hajaondoka kwenda kukikalia kiti cha enzi cha baba yake. Bibi Nazmiye atalipwa fidia. Tena atapewa flati upande wa pili wa mto, ghorofa ya tisa, yenye lifti.

"Furaha!" alisema Nazmiye. "Eti wana furaha! Furaha iwatokee puani!"

Mwana wa sultani, jamani! Nyumba ile aliijenga babu yake, Usta Rüstem, seremala, baada ya ule moto mkubwa uliokula nusu ya mji. Wana wa masultani walikwisha kufa na kuoza miaka mingi kabla Usta Rüstem hajashika msumeno. Mtaa mzima ulilijua hilo, hata paka wa mtaa. Na mtaa mzima ulijua vilevile ni mdomo wa nani uliomleta huyo mwana wa sultani, ukamvua viatu, ukamlaza kwenye baraza ya mbao ya sebuleni, chini ya dirisha linalotazama mto. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mdomo wa kaka yake, Vehbi.

Hakuvaa koti. Alijitupia ushungi, akaingiza miguu kwenye viatu vya uani, akatoka na barua mkononi.

Vehbi alikuwa pale alipokuwa siku zote asubuhi, kwenye mgahawa wa chai wa kando ya mto, ambapo wazee hucheza dadu na kusema uongo. Mwanamke wa umri wa Nazmiye haingii mle. Akiwa na shida humtuma mtu, au husimama nje akakohoa. Nazmiye aliingia hadi katikati.

"Vehbi!"

Dadu zilinyamaza. Vehbi aligeuka taratibu, kwa adabu zake zote, masharubu yamechanwa, ile fimbo yake ya kuwaonyeshea watalii makaburi imelala magotini. Alikuwa na miaka sabini na minne, na mji mzima ulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kumfundisha mtu isipokuwa hao watalii.

"Karibu, dadangu. Kuna nini?"

"Karibu ya nini? Soma."

Akasoma. Na Nazmiye, aliyekuwa akimtazama usoni bila kupepesa, aliona kitu ambacho baadaye alishindwa kabisa kukisamehe. Kabla ya aibu kufika, kabla ya hofu, ilipita fahari.

"Wamekubali," alisema Vehbi polepole.

"Umefurahi!"

"Mimi? Nimeshangaa tu."

"Umefurahi! Masharubu yamecheka, nimeyaona kwa macho yangu mawili! Wananitoa nyumbani kwa mama yangu kwa ajili ya upuuzi wako, na wewe unafurahi kwamba wameuamini!"

Mzee mmoja, Necip, aliyekuwa kinyozi, alijaribu kutuliza mambo. "Dada Nazmiye, usimwonee. Nani asiyesema hapa? Mimi nina kiti, nawaambia wageni kwamba juu yake alinyolewa waziri mkuu. Nilikinunua mnadani."

"Wewe kaa na kiti chako, Necip. Hakuna atakayekuja kukichukua ukiwa umekikalia."

Wakacheka, naye alizidi kupandwa na hasira. Maana Necip alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa la mji ule. Amasya ni mji mwembamba. Mlima huku, mlima kule, katikati mto, na watu wamejibana ukingoni kama nguo kwenye kamba. Juu kwenye jabali yamechongwa makaburi ya wafalme waliokufa kabla ya Nabii Isa, na yote ni matupu, yalishaibiwa zamani. Halafu wakaja masultani wakawaleta watoto wao wajifunze kutawala, kama kinyozi anavyojifunza kunyoa kwenye kichwa cha yatima. Walioiva walikwenda kukalia kiti. Wasioiva walinyongwa na ndugu zao. Wenyeji waliwalisha wote, wale na hawa, wakalipa kodi, wakanyamaza. Siku hizi kila mwenye mlango anao mwana wa sultani wake, na asiye naye anamtafuta. Mji mzima unakula kwa migongo ya wafu, alisema Nazmiye, na akalisema pale pale mbele ya wazee wote kwa sauti iliyovuka mto.

"Jumatano wanakuja kukagua nyumba," alimalizia. "Utawaambia mbele yangu kwamba ulidanganya."

"Nitawaambia."

"Apa."

"Wallahi."

"Wallahi yako naijua. Apa kwa kaburi la mama."

Vehbi alitazama chai yake. "Kwa kaburi la mama," alisema.

Uongo wenyewe ulizaliwa siku ya mvua, miaka thelathini nyuma. Vehbi alikuwa amerudi kutoka Ujerumani, ambako alifanya kazi kiwandani miaka minane akapata lugha na maumivu ya mgongo, si zaidi. Akaanza kutembeza wageni. Siku hiyo njia ya makaburini iliteleza, ikafungwa, na Wajerumani kumi na wawili walikuwa wamesimama mvuani wananung'unika. Ndipo akawaleta kwa dada yake wanywe chai. Chai ilipokwisha, mvua haikuwa imekwisha. Vehbi alitazama baraza ya dirishani, akakohoa, na mwana wa sultani akatoka.

Alimtoa vizuri. Kijana wa miaka kumi na tisa, amekaa pale anautazama mto, hajui kesho ni kiti cha enzi au kamba ya shingo. Wageni walifuta macho. Kesho yake Vehbi alileta wengine, ingawa jua liliwaka.

Na Nazmiye? Alimimina chai. Wageni walipoonyesha baraza kwa kidole na kumtazama yeye, kama kumuuliza ni kweli, yeye alitikisa kichwa kukubali. Majira yale ya baridi viatu vya kaka yake vilikuwa vinaingiza theluji, na mke wake alikuwa kitandani na ugonjwa uliomchukua. Ungetikisa nini zaidi ya kichwa? Alitikisa mara moja, na baada ya hapo kichwa kilizoea.

Jumatano walikuja watu wanne. Bi Şermin wa Kamati, mwanamke kijana mwenye miwani na adabu nyingi, alimbusu Nazmiye mkono na kuuweka kwenye paji la uso kama anavyofanyiwa mama. Nyuma yake mafundi wawili wenye sanduku la vyuma. Na profesa kutoka Ankara, mzee mrefu aliyeinama kila mlangoni hata pasipokuwa na haja.

Nazmiye alikuwa amepika mikate ya mbegu za afyuni tangu alfajiri, akimlaani kila mmoja wao kwa kila donge alilolikanda. Lakini mgeni ni mgeni hata akija kukuzika. Akawakalisha, akawamiminia chai, akasubiri vijiko vinyamaze.

"Kaka yangu ana neno la kusema," alisema.

Vehbi alisimama. Alikuwa amevaa suti yake ya mazishi. Alifungua mdomo, na hapo hapo yule profesa akaruka kutoka alipokaa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye Mwalimu Vehbi! Mwenyewe! Bwana, nimekunukuu katika kitabu changu. Sura nzima. Watu kama wewe ndio maktaba yetu ya mwisho. Tafadhali, nisimulie kwa kinywa chako, nimesafiri usiku kucha kwa ajili ya hili."

Nazmiye aliona mgongo wa kaka yake ukinyooka. Maumivu ya Ujerumani yote yaliondoka. Akajua kwamba limekwisha.

Vehbi alisimulia. Hakuwahi kusimulia vizuri namna ile. Aliongeza upepo. Aliongeza mtumwa mzee aliyelala mlangoni. Bi Şermin aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

"Mwongo!" Nazmiye alisimama, birika la chai mkononi. "Mwongo mkubwa! Umeapa kwa kaburi la mama! Enyi watu, hapo kwenye baraza alilala mbuzi! Majira ya baridi makali, mimi nilikuwa msichana mdogo, baba alimwingiza mbuzi ndani asife, akalala hapo miezi miwili akala na mapazia! Kama mnataka makumbusho, fanyeni ya mbuzi!"

Profesa alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemtabasamia mgonjwa.

"Mama," alisema Bi Şermin, "usikasirike. Tunajua ni vigumu kuiacha nyumba." Akatoa simu yake, akaigusagusa, akaigeuza. "Lakini huyu si wewe?"

Ilikuwa filamu ya televisheni, ya miaka sita nyuma. Vehbi mbele anaeleza, masharubu juu. Nyuma yake mwanamke mwenye sinia la chai. Mtangazaji anamwuliza, mama, ni hapa kweli? Na yule mwanamke anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na hata anatabasamu.

Nazmiye alimtazama yule mwanamke. Alitamani kuingia humo kwenye simu amzabe kofi.

"Nilitikisa kwa ajili yake," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Alikuwa na shida."

"Basi tuziulize mbao," alisema profesa. "Mbao hazina shida na mtu."

Mafundi walifungua sanduku. Walikuwa na keekee nyembamba, ambayo ilitoboa boriti kubwa ya dari na kutoa kijiti chembamba cha mbao, chenye mistari. Kila mstari ni mwaka mmoja wa mti, alieleza profesa. Maabara itahesabu, itasema mti ule ulikatwa mwaka gani.

Nazmiye nusura amkumbatie. Hatimaye shahidi asiye na masharubu! Usta Rüstem alijenga baada ya moto, mbao zitasema baada ya moto, na kila mtu atakwenda zake. Aliwafungia hata mikate iliyobaki wale njiani. Vehbi alipotaka kuongea naye mlangoni, alimfungia mlango usoni.

Wiki tano hakusema naye. Wakikutana darajani anageuza uso kuutazama mto, ambao wanauita wa kijani na kwa kweli una rangi ya chai yenye maziwa. Alimaliza kutunga bamia. Alipaka chokaa ukuta wa jikoni, maana mtu hapaki chokaa nyumba anayohama.

Majibu aliyaleta Bi Şermin mwenyewe, mashavu mekundu kwa furaha. Boriti ilikuwa ya mwaloni, na mwaloni ule ulikatwa miaka mia nne na sabini iliyopita.

Nazmiye alikaa chini.

Hakuhitaji kufikiri. Alijua papo hapo, kama mtu anavyokumbuka alikosahau funguo. Usta Rüstem angenunua wapi mbao, mji ukiwa majivu? Nani mjini mle aliwahi kununua jiwe jipya au ubao mpya? Kifuniko cha kaburi la mpagani kilikuwa hori la farasi. Nguzo za hekalu zilishikilia ukumbi wa msikiti, na daraja lilisimama juu ya miguu ya daraja jingine. Babu yake, kama wenzake wote, alifunga ng'ombe wawili akaenda kukokota boriti kutoka kwenye magofu ya mazizi, nyuma ya palipokuwa kasri. Baba alikuwa akilisimulia jambo hilo kila sikukuu, jinsi nyumba ilivyonuka farasi miaka miwili ya kwanza.

"Ni mbao za zizi!" alisema. "Binti yangu, sikiliza. Babu alizitoa kwenye zizi! Mbao ni kuukuu, nyumba si kuukuu! Ukivaa koti la babu yako, unakuwa babu yako?"

Bi Şermin alisikiliza kwa makini yote, mpaka mwisho. "Inawezekana, mama," alisema. "Una hati yoyote?"

"Hati ya zizi?"

"Maandishi. Picha. Chochote."

"Nina mdomo."

"Mdomo anao na Mwalimu Vehbi," alisema Bi Şermin kwa huruma ya kweli, na huruma ile ilimchoma Nazmiye kuliko tusi.

Siku iliyofuata Vehbi alikwenda ofisini kwa Kamati bila kuambiwa na mtu. Alipanda ngazi, akawaambia yote, siku ya mvua, Wajerumani, kila kitu. Walimpa chai. Profesa alizungumza naye kwa simu akasema ni kawaida, wazee wenye hazina huingiwa na wasiwasi mwishoni, na unyenyekevu wake unamzidishia heshima. Wakamsindikiza mpaka nje. Nazmiye aliyasikia hayo kwa majirani akasema ni uongo mwingine huo. Halafu alimwona kaka yake akipita ukingoni, mdogo, anatembea kwa kushika ukuta. Fimbo aliisahau kule ofisini. Hapo akaamini. Lakini hakumfungulia.

Matofaa yalipokwisha kuvunwa, Vehbi alikuja na Bi Şermin, na safari hii alibisha mlango kwa nguvu.

"Nimeiokoa!" alisema kabla hajavua viatu. "Nazmiye, dadangu, nimekuokolea nyumba! Mwambie, Bi Şermin, mwambie!"

Habari ilikuwa hivi. Nyumba itakuwa makumbusho, hilo haliondoki. Lakini makumbusho yanataka mwangalizi, na watalii wanapenda kumkuta mwenyeji. Nazmiye atabaki. Atapewa chumba cha nyuma kando ya jiko, chake mpaka siku Mungu atakapomchukua. Atavaa mavazi ya zamani, atapokea wageni, atasimulia habari za mwana wa sultani kwa maneno yake mwenyewe, na Vehbi atafasiri.

"Na nisiposimulia?"

Bi Şermin alirekebisha miwani. "Basi ni ile flati, mama. Ghorofa ya tisa. Mandhari yake ni nzuri sana."

Nazmiye alizunguka sebuleni. Mama yake alimzaa mle. Baba yake alikatia roho mle, na Sabri wake, mtu mpole asiyewahi kumpandishia sauti, alifia kwenye chumba cha kati akiwa ameushika mkono wake. Hakuwa na watoto. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, kutolewa katika mlango ule akiwa amelala, miguu mbele, kama wenzake wote. Ghorofa ya tisa wangemteremsha kwa lifti, amesimamishwa kama kabati.

"Haya," alisema.

Kazi ilichukua mwezi. Walitoa jokofu. Walitoa televisheni. Walitoa picha ya Sabri ukutani, wakasema haiendani na zama zile. Bamia zake walizikagua, wakasema zinaendana, zibaki. Kwenye chumba cha kati, penye kitanda cha Sabri, waliweka meza ya tiketi. Na juu ya baraza ya dirishani walimlaza mwana wa sultani mwenyewe, mdoli mkubwa wa nta aliyeagizwa Istanbul, kilemba kichwani, masharubu ya kuchora, macho ya kioo yanayotazama mto. Nazmiye alimfuta vumbi kila asubuhi, na kila asubuhi alimtukana matusi ambayo mama yake angemchapa kwayo.

Siku ya ufunguzi walimvika joho zito lenye nyuzi za dhahabu na kofia yenye vipande vya bati vinavyolia. Uani kulikuwa na viti, meya, muziki, na wageni waalikwa wakila mikate. Bi Şermin alikuwa huko huko akipokea watu. Kundi la kwanza kuingia ndani lilikuwa la Wajerumani, wazee wenye mvi na viatu vizuri vya kutembelea, labda ishirini. Walijipanga kimya. Vehbi alisimama pembeni mwa dada yake, ndani ya ile suti ya mazishi.

"Anza," alimnong'oneza. "Mwana wa sultani alipokuja..."

Nazmiye alifungua mdomo. Alikuwa ameyakariri. Lakini aliitazama meza ya tiketi kupitia mlango ulio wazi, pale palipokuwa na mto wa kichwa wa mumewe, na mdomo ukakataa.

"Mimi ni Nazmiye," alisema. "Nyumba hii aliijenga babu yangu, Usta Rüstem, kwa mbao za zizi. Mama alinizaa hapo kwenye baraza, mwezi wa theluji. Mto ulikuwa umefurika, mkunga akakwama ng'ambo, baba akanikata kitovu kwa kisu cha tofaa."

Akamsubiri kaka yake. Vehbi akafasiri. Nazmiye akaendelea. Aliwaambia juu ya mbuzi. Aliwaambia jinsi baba alivyokaa dirishani miaka mitatu na mapafu mabovu akihesabu magogo yanayopita mtoni. Aliwaambia juu ya Sabri, aliyekuwa mshona viatu, na kwamba alimpenda. Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Sabri. Kila alipotua, Vehbi alifasiri, na wale wageni walisikiliza kwa heshima kubwa. Bibi mmoja mwenye mvi alitoa leso. Nazmiye alihisi kifua kikimfunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua. Kumbe! Kumbe wangeweza kuambiwa ukweli siku zote, na wangelia vilevile!

"Na mwana wa sultani hakuwahi kufika hapa," alimalizia. "Kamwe."

Vehbi akafasiri. Na alipokuwa akifasiri aliweka kiganja kifuani, akaishusha sauti, akaufumba mdomo kidogo kabla ya neno la mwisho. Miaka thelathini Nazmiye alikuwa akimwona akifanya hivyo na sinia la chai mkononi. Hakujua Kijerumani, lakini mahali pale pa hadithi alipajua kama njia ya kisimani. Hapo ndipo kijana anapouaga mto.

Yule bibi mwenye leso alisogea mbele. Hakumtazama Nazmiye. Aliinama juu ya mdoli wa nta, akamgusa mkono, machozi yakimtoka.

"Umewaambia nini?" aliuliza Nazmiye.

"Uliyosema."

"Nimesema mama. Nimesema Sabri. Mbona wanamlilia huyu?"

Vehbi hakumtazama. "Bi Şermin yuko uani," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa wakitoka wakamwambia uliyoyasema, leo hii hii unahamishwa. Nazmiye, nakuomba. Nimekulindia chumba. Sina kingine cha kukupa."

Na alisema kweli. Hilo ndilo lililomkata maini. Mzee yule alikuwa anampenda, alikuwa anatetemeka kwa kumpenda, na kwa mapenzi yale yale alikuwa amemzika Sabri wake mara ya pili, mbele ya macho yake, kwa lugha asiyoijua.

"Mara zote umesema," alimwambia. "Mara hii nawe huwezi kunyamaza tu? Nimewapa mama yangu, nawe umewapa mdoli!"

Wageni waliguna kidogo kwa ule ukali, wakatabasamu. Mmoja akainua simu kupiga picha.

Nazmiye alivua kofia ya mabati, akambandikia kaka yake kichwani. Alivua joho, likaanguka lenyewe kwa uzito, naye akabaki na gauni lake la nyumbani la maua. Hakuchukua kitu chumbani.

"Wafasirie hili moja," alisema. "Hili tu. Ukilipindisha hata neno, nisipate kukuona tena hapa wala mbele ya Mungu."

"Lipi?"

"Waambie mwana wa sultani kapata nyumba. Mimi nimeondoka. Kuanzia leo ajifute vumbi na vyombo ajioshee mwenyewe."

Akatoka kwa mlango wa mbele, kwa miguu yake. Alipofika kwenye ngazi za mtoni alimsikia Vehbi akifasiri, polepole, neno kwa neno, na sauti yake ilikatika mara mbili. Safari hii alifasiri sawasawa.

Wageni walicheka sana, wakapiga makofi.